Mtoto Aonekane Kwanza: Kuandika Wasifu wa Mtoto Anayesubiri Kuasiliwa

Mhadhara uliotolewa kwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii, Nairobi

Bwana Mwenyekiti, maafisa wa watoto, wenzangu wa vyama vya kuasili, na nyinyi akina mama walezi mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hadi hapa, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika wasifu wa mtoto anayesubiri kuasiliwa, yaani kupata familia itakayomfanya mwana wake kisheria, kwa kuanzia kwenye uwezo wake. Naomba tuanze kwa kusoma sentensi ambayo wengi wetu tumewahi kuiandika, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo.

"Mtoto wa kike, miaka 6, aliokotwa akiwa mchanga kando ya barabara, ana ulemavu wa mkono na mguu wa kulia, na anahitaji kusaidiwa katika shughuli zote."

Polisi waliandika habari za barabara, daktari akaandika habari za mkono na mguu, nasi tukanakili. Lakini kitazameni kitenzi cha kwanza. Kwa Kiswahili tunaokota kuni, tunaokota embe lililoanguka, tunaokota sarafu njiani. Mzazi anayeisoma sentensi hiyo huku akijiuliza kama ataweza kumwita mtoto huyu mwanangu, amekwisha kuoneshwa kitu kilichopatikana chini. Mimi huandika kwamba mtoto alipatikana, au kwamba alipokelewa katika makao akiwa na umri fulani. Mahali, saa na mazingira hubaki katika faili, tena vibaki kwa ukamilifu, kwa sababu ipo siku mwenyewe atavihitaji; kifungu cha 8 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, kinamhakikishia haki ya utambulisho wake. Ila si lazima vitangulie jina lake.

Mtoto wa sentensi ile nilimtembelea Jumamosi moja katika makao fulani huku Eastlands. Nilikwenda na fomu yangu, nikaambiwa yuko jikoni. Nikamkuta ameketi mkekani, mguu wa kulia ameunyoosha, na mbele yake sinia la maharagwe. Ana mtindio wa ubongo uliouathiri upande wa kulia, kwa hiyo mkono ule haufunguki vizuri. Alikuwa amelibana sinia tumboni kwa kiwiko cha mkono huo, akalielekeza chini kidogo, na kwa mkono wa kushoto akawa anayateremsha maharagwe machache machache hadi ukingoni, anatoa kijiwe, anatoa punje iliyotobolewa na wadudu, anaviweka pembeni, kisha anateremsha mengine. Hakuna aliyemfundisha kubana vile. Mama mlezi alinieleza kwamba aliianza mbinu hiyo mwenyewe, baada ya kumwaga sinia mara mbili na kulia sana. Nilikaa naye karibu nusu saa. Alipomaliza aliniambia nipitishe mkono nione kama kuna jiwe. Hapakuwa na hata moja.

Nikaitazama fomu yangu. Palipoandikwa "anahitaji kusaidiwa katika shughuli zote" pakanitia aibu.

Hapa ndipo lilipo jambo langu kuu. Uwezo wa mtoto ni kitu kilichoonekana na mtu, mahali fulani, kikifanyika. Tukiandika "ni mchangamfu, ni mtiifu, anapenda kucheza", tumeandika maneno yanayoweza kubandikwa kwa mtoto yeyote kutoka Mathare hadi Marsabit, na msomaji huyapita kama anavyopita salamu. Tukiandika namna mtoto huyu anavyolibana sinia, tumempa mzazi kitu cha kushika: kwamba ni mvumilivu, kwamba hutafuta njia yake mwenyewe, kwamba hupenda kazi yake ikaguliwe. Hayo yote msomaji atayaona bila sisi kuyataja.

Fikra ya kuanzia kwenye uwezo wa mtu ilipata nguvu katika taaluma ya ustawi wa jamii huko Marekani, hasa Chuo Kikuu cha Kansas, ambako Dennis Saleebey, Ann Weick, Charles Rapp na wenzao walidai, kuanzia miaka ya 1980, kwamba taaluma ilikuwa imezoea mno kuhesabu kasoro za watu. Huko wasifu wa watoto wanaosubiri huwekwa hadharani: tangu mwaka 2002 mradi wa AdoptUSKids umekuwa ukionesha picha na maelezo yao kwenye intaneti, na kabla yake kidogo, mwaka 2001, maonyesho ya picha za aina hiyo yaliyoitwa Heart Gallery yalianzia New Mexico. Sisi hatuwezi kuiga hilo, na binafsi sitaki tuliige. Katiba yetu katika ibara ya 31 inalinda faragha, ibara ya 53 inatanguliza maslahi bora ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina masharti ya pekee kuhusu taarifa za watoto. Wasifu wetu husomwa na kamati inayooanisha watoto na familia, kisha familia husika, basi. Picha ya mtoto haina kazi katika kundi la WhatsApp la kanisa, hata kama nia ni njema kiasi gani.

Tangu Novemba 2014, serikali iliposimamisha watoto wa Kenya kuasiliwa na wageni, msomaji wetu ni jirani yetu. Ni mwalimu wa Machakos, ni fundi wa Kasarani, ni mama asiye na mume anayeuza nguo Gikomba. Kwa nini basi tunamwandikia kwa Kiingereza cha hospitali? Kama mtoto amechelewa kutembea, andikeni alianza kusimama lini, anashika nini akisimama, na sasa anafika wapi. Maneno ya daktari yaambatishwe kwenye ripoti yake, na wasifu useme kwa lugha ambayo mume na mke wanaweza kusomeana jioni mezani.

Sasa nina la kuungama. Miaka mingi iliyopita niliandika wasifu wa mvulana wa miaka 7. Nilimpenda, nikaogopa kwamba angekosa familia, kwani wote tunajua jinsi waombaji wengi wanavyotaka mtoto mchanga, na wengi wakataka awe wa kike. Kwa hiyo nikaandika kwamba ni mwerevu, ni mpole, hana tatizo lolote. Sikuandika kwamba alikuwa akikojoa kitandani karibu kila usiku, na kwamba alishtuka usingizini akipiga kelele. Nilijiambia kwamba akipata nyumba yataisha. Sheria inataka mtoto akae na waombaji miezi 3 mfululizo kabla ya maombi kufikishwa mahakamani. Katika wiki ya tano walimrudisha. Walikuwa watu wema, nami ndiye niliyewanyima nafasi ya kujiandaa. Mvulana alishuka garini na begi lake, akaniuliza kama ni kwa sababu ya godoro.

Tangu siku hiyo siwezi kukubali kwamba kuandika uwezo ni kutia sukari. Hitaji liandikwe wazi, na liandikwe pamoja na kile kinacholipunguza. Ningeandika hivi leo: "Hukojoa kitandani usiku mara nyingi. Akiamshwa saa tano na mtu anayemfahamu, huamka mkavu. Akishtuka usingizini hutulia haraka akishikwa mkono na taa ikiwashwa. Huwa hapendi kubebwa." Mama mlezi wa zamu ya usiku aliyajua yote haya. Sikumuuliza. Akina mama, nawaomba radhi mbele ya watu, na nawasihi wenzangu: wasifu usitiwe saini kabla ya kuketi na mtu anayemlaza mtoto na mtu anayemlisha. Ofisini hatujui mtoto hulala upande gani.

Kuhusu ndugu wanaosubiri pamoja sina mengi: kila mmoja aandikiwe wake, na uwepo ukurasa wa pamoja unaoonesha wanavyofanyiana, nani humfunga nani viatu.

Na mtoto mwenyewe asikie kilichoandikwa. Kifungu cha 12 cha Mkataba ule ule kinampa haki ya kutoa maoni kuhusu mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mtoto wa miaka 6 anaweza kusomewa habari zake kwa dakika kumi, bila kuahidiwa familia ambayo bado haipo. Msimwambie kwamba mnamtafutia mama. Mwambieni kwamba mnaandika habari zake ili watu wazima wanaomtunza wamfahamu vizuri, na mumuulize kama mmekosea.

Nilirudi Eastlands na wasifu mpya wa yule msichana. Nilikuwa nimeandika mazoezi ya viungo anayohitaji kila wiki, gango analovaa usiku na jinsi linavyombana akikua, ngazi zinazomshinda na zile anazopanda akishika ukuta, na sinia la maharagwe. Nikamsomea mkekani palepale. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye maharagwe alinikatiza.

"Na mchele," akasema. "Mchele ni mgumu zaidi, mawe yake ni meupe."

Nikatoa kalamu nikaandika mchele, naye akainama kuhakikisha kwamba nimeandika.