Kutoka Nairobi Hadi New York: Nawajibu kwa Hesabu

Hamjambo nyote, hasa jamaa zangu wa Mombasa. Nimelazimika kuirekodi video hii kwa sababu swali ni lile lile kila siku: "Kaka, kutoka Nairobi hadi New York ni masaa mangapi?" Nikisema safari inachosha, naambiwa nalalamika ilhali wenzangu wanaitafuta nafasi hiyo kwa udi na uvumba; nikisema nimeizoea, naambiwa najigamba. Basi leo nitataja hesabu tu, na hesabu haina maringo.

Umbali wa angani baina ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy ni takribani kilomita 11,800. Kwa ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018, kuja huku New York huchukua saa 15 hivi na kurudi saa 14, kwa kuwa huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo wenyewe unatutaka nyumbani, lakini hayo tuyaache.

Saa hizo ni za kukaa kitini tu. Anayetoka Mombasa, kama mimi, ana kilomita 472 za reli hadi stesheni ya Nairobi kule Syokimau, ana foleni ya Mombasa Road, na anatakiwa awe uwanjani saa tatu kabla. Mlango hadi mlango, sijawahi kutumia chini ya saa 30.

Sasa pesa. Mwaka 2022 niliona tiketi ya moja kwa moja ni ghali, nikanunua mbili mbalimbali za kuunganisha katika mji wa njiani, nikajiona mjanja kwa kuokoa dola 210. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaniacha, na kaunta nikaambiwa kwamba tiketi zangu hazijuani. Begi langu nalo lilikuwa ng'ambo ya dirisha la uhamiaji, nami sikuwa na viza ya kuingia nchi hiyo kulichukua. Nililipa dola 640 nyingine nikiwa nimevaa shati la juzi. Simkatazi mtu, maana kila mmoja anaujua mfuko wake. Mimi siku hizi nanunua tiketi moja hadi mwisho, ili nikiachwa na ndege ya kuunganisha, aliyeniuzia anitafutie nyingine.

Linalowachanganya zaidi wanaotupokea ni saa zenyewe. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane, au saba majira ya joto wanapozisogeza saa zao huku. Julai moja niliondoka saa 13:30 mchana, nikasafiri saa 14, nikatua Nairobi siku ya pili saa 10:30, kama tiketi ilivyoandikwa. Nilikuwa nimempelekea mjomba picha ya tiketi hiyo. Naye, Mswahili kamili, alisoma saa kumi na nusu, akafika jioni, tena robo saa kabla, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mimi nilikuwa nimekalia mabegi matatu kwa karibu saa sita, na la kwanza aliloniambia ni kwamba nimekonda.

Tangu siku hiyo picha ya tiketi siitumi. Namwandikia: "Mjomba, Jumapili, saa nne na nusu, asubuhi."