Swali la parachichi: sheria inavyosomwa chuoni na kazi zinazoifuata

(Mhadhara kwa wahitimu wa kidato cha sita na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, Iringa)

Kamwene! Walimu wetu, wazazi mliodamka na baridi hii kutoka Kilolo na Mufindi, nanyi vijana wetu, karibuni sana.

Habari ya sifa za kujiunga na shahada ya sheria nitaipita haraka, maana mnaisoma wenyewe kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Aliyetoka kidato cha sita anahitaji ufaulu katika masomo mawili ya tahasusi, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Mwenye stashahada huangaliwa wastani, kwa kawaida kuanzia 3.0. Kila chuo kina nyongeza zake, kwa hiyo soma mstari wa chuo chako na wa mwaka huu, usitegemee alichoambiwa kaka yako miaka mitatu iliyopita. Shahada yenyewe ni miaka mitatu au minne, inategemea chuo. Huku kwetu wapo Chuo Kikuu cha Iringa na Ruaha, na Mbeya kuna ndaki ya Mzumbe. Hulazimiki kupanda basi la Dar es Salaam ili uanze.

Ninachotaka tukae nacho leo ni namna sheria inavyosomwa, maana watu wengi huanguka hapo wakidhani wameangushwa na ugumu wa somo. Kijana aliyepata A ya Historia kwa kukariri huja chuoni na silaha ileile, na mtihani wa kwanza wa mikataba unamrudisha na 28. Hajui amekosea wapi, kwa sababu kila alichoandika kilikuwa kweli.

Tuchukue swali moja. Mkulima wa Njombe anamwandikia mfanyabiashara wa Makambako kwa simu: "Nina tani 2 za parachichi, kilo 1,800, nijibu kabla ya Ijumaa." Jumanne mfanyabiashara anajibu: "Nachukua zote, ila kwa 1,500." Mkulima ananyamaza. Alhamisi mfanyabiashara anaandika tena: "Basi sawa, leta kwa 1,800." Mkulima ameshamuuzia mtu mwingine. Je, kuna mkataba?

Mwanafunzi aliyekariri anaandika kurasa mbili: maana ya mkataba, aina za mikataba, sifa za mkataba halali, na mwishoni mstari mmoja, "hivyo mkulima amevunja mkataba." Kurasa zile mbili hazimpi kitu. Msahihishaji anatafuta mambo manne, na yote yanaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja.

Kwanza, hoja ni ipi. Hapa hoja si "mkataba ni nini". Hoja ni kama ujumbe wa Jumanne uliliua pendekezo la mkulima au uliliacha hai. Pili, sheria. Unaanza na sheria ya nchi: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 7, kinachotaka ukubali uwe kamili na usio na masharti. Kisha unakuja na uamuzi wa mahakama. Katika Hyde v Wrench ya mwaka 1840, Wrench alitaka pauni 1,000 kwa shamba lake, Hyde akasema 950, akakataliwa, kisha akarudi kuikubali ile 1,000. Mahakama ya Uingereza ikasema hakuna mkataba, kwa kuwa pendekezo lake jipya lilikuwa limelifuta la kwanza. Na uamuzi huo unatuhusuje sisi? Sheria inayosema sheria zipi hutumika mahakamani kwetu, Sura ya 358, iliipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, lakini kwa kadiri tu sheria zetu wenyewe zinavyoacha nafasi. Ndiyo maana kifungu cha 7 kinatangulia na Hyde anafuata.

Tatu, unaichukua sheria hiyo na kuishusha juu ya maneno ya ujumbe wenyewe. Hapa ndipo alama zilipo. Neno lililoamua shauri hili ni "ila". Mfanyabiashara hakuuliza, aliweka bei yake. Angeandika "Je, unaweza kupunguza kidogo?" hilo lingekuwa ulizo tu, na pendekezo la mkulima lingebaki hai mpaka Ijumaa; mahakama ilitofautisha hivyo katika Stevenson v McLean mwaka 1880. Nne, hitimisho, sentensi moja: hakuna mkataba, ujumbe wa Alhamisi ulikuwa pendekezo jipya ambalo mkulima hakulikubali.

Mmeona kilichofanyika? Tumesoma ujumbe wa simu neno kwa neno, kama mshonaji anavyokagua mshono. Miaka yote ya shahada ni kazi hiyo, iwe ni jinai, ardhi, ushahidi au kodi.

Kwa hiyo fanya hivi tangu wiki ya kwanza. Kila kesi unayopewa, isome hukumu yenyewe. Usiridhike na muhtasari unaozunguka kwenye makundi ya simu, kwa kuwa humo makosa hunakiliwa mwaka hadi mwaka. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Andika nusu ukurasa: nani alimshtaki nani, ukweli uliobishaniwa, hoja, uamuzi, na sababu iliyoubeba uamuzi. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, maana jaji husema mengi njiani ambayo hayakuhitajika kuamua shauri, na hayo hayafungi mahakama nyingine. Kesi tatu kwa wiki zinatosha mtu mwenye bidii. Na sheria unazonukuu ziwe za toleo la sasa. Ukitumia kopi iliyochakaa ya mtu aliyemaliza zamani, utanukuu kifungu kilichokwisha kufutwa.

Kuna suala la lugha, na nalisema bila kumung'unya. Mwaka 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini vitabu vyako, mihadhara na mitihani bado ni Kiingereza. Mteja atakueleza shida yake kwa Kiswahili, wewe utaitafuta kwenye hukumu za Kiingereza, kisha umrudishie kwa Kiswahili kisichopotosha. Sura hiyohiyo ya 1 inatenganisha kifungu kinachosema mtu "anaweza" kufanya jambo, yaani ana hiari, na kinachosema "atafanya", yaani ni lazima. Ukimtafsiria mteja "atafanya" kuwa "anaweza", umempa hiari asiyokuwa nayo, na shauri lake limekwisha.

Sasa kazi. Wazazi wengi wanadhani shahada ikitoka kijana ni wakili. Sivyo. Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na baada ya kufaulu huko ndipo mtu huomba kwa Jaji Mkuu kuandikishwa. Wekeni akiba ya kodi ya chumba na chakula cha mwaka huo mapema. Kwa kawaida matangazo ya kazi ya hakimu mkazi na wakili wa serikali nayo hutaka cheti cha shule hiyo.

Mnakumbuka matokeo ya mwaka 2022: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, walioshindwa 265. Nchi nzima ilizungumza, na Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wapo walioilaumu shule, wapo waliovilaumu vyuo. Mimi nataka mjue kule hupimwa nini: kuandaa nyaraka. Hati ya madai, maelezo ya utetezi, hati ya kiapo. Chukua kiapo tu. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, inataka sehemu ya mwisho, pale kamishna wa viapo anaposaini, ionyeshe mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Mwanafunzi anaandika hoja nzuri za aya 15, anasahau kuandika "Iringa" na tarehe. Mahakamani upande wa pili huweka pingamizi la awali, kiapo kikaondolewa, na maombi yaliyokitegemea yakaanguka nacho. Mteja hana hata habari kosa liko wapi. Kwa hiyo ukiwa mwaka wa pili, nenda mahakamani siku za kesi. Vikao vingi ni vya wazi, keti nyuma na daftari, sikiliza mashauri yanavyoondolewa na kwa sababu gani.

Asiyetaka uwakili naye ana nafasi. Benki na bima huajiri watu wa kusimamia uzingatiaji wa sheria. Zipo idara za rasilimali watu, na yapo mashirika ya msaada wa kisheria, ambayo yana sheria yao ya mwaka 2017. Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni lazima awe amesomea sheria.

Na nyanda zetu hizi zina kazi ambazo hazijapata watu wa kutosha. Mashamba ya miti Mufindi na Kilolo yanauzwa kila msimu kwa karatasi iliyogongwa muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, mnunuzi anaondoka akiamini amemaliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuidhinisha, na kijiji kikigawa ardhi ni lazima mkutano mkuu wa kijiji uwe umeidhinisha. Muhuri wa mtu mmoja si idhini hiyo. Anayejua kuuliza "muhtasari wa kikao uko wapi?" kabla pesa haijatoka, huyo anaokoa familia.

Vilevile kazi na ajira. Mfanyakazi wa kiwanda cha chai akiachishwa, ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mgogoro mwingine wa kazi una siku 60. Wengi huzimaliza wakimsubiri meneja awaite tena. Akija kwako siku ya 41, hujakwama: kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, CMA F.2, lakini utatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. Mwambie aje na barua ya kuachishwa, na kabla ya kusikiliza alichofanyiwa, angalia tarehe iliyo juu ya barua na muulize aliipokea lini.