Mgeni Kaunta, Wenyeji Wakali

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Leo tunaingia nyuma ya kaunta. Msikilizaji ametutumia ujumbe wa sauti: ndiyo kwanza ameanza kazi ya baa, hana hata mwezi, na wenzake wamemkalia kooni. Akiuliza glasi fulani iko wapi anajibiwa "tafuta". Mmoja anamfokea mbele ya wateja. Anauliza avumilie au aache kazi. Salome, wewe kaunta umeisimama miaka. Tuanze na nani?

SALOME: Tuanze na huyo anayefoka. Mimi nisingemwogopa sana.

BARAKA: Eeh! Anayefoka?

SALOME: Huyohuyo. Baraka, baa ikijaa, nyuma ya kaunta kuna watu watatu kwenye nafasi ya kupishana kwa ubavu. Mmoja kabeba glasi, mwingine ana kisu cha ndimu, sakafu imelowa. Mgeni anageuka ghafla, au anapita nyuma ya mtu bila kusema "nyuma yako". Hapo utafokewa tu, na neno tafadhali usilitegemee. Mwangalie mtu huyo mkishafunga. Akija kukuonyesha chupa zinavyopangwa, basi ni mkali, lakini hana ubaya na wewe.

BARAKA: Sawa, lakini mtu mzima kuitwa mjinga mbele ya wateja?

SALOME: Ah, hapo sasa tumehama. "Sogea!" ni kazi. "Mjinga wewe" ni tusi, na tusi huliachi. Ila hulijibu palepale, maana mkianza kugombana mbele ya wateja wote wawili mmeharibu. Subiri mmefunga, mnakausha glasi, umwambie: "Kaka, nikikosea niambie nimekosea wapi. Kunitukana mbele ya watu, hapana." Basi. Usimfungulie faili la mwezi mzima.

BARAKA: Akicheka?

SALOME: Acheke, amesikia. Akirudia unakwenda kwa meneja, na huendi kulia, unakwenda na maelezo: siku gani, alisema nini, nani alikuwepo. Na kama ni mtu anayekushika mwili kila akipita nyuma yako, kisha anasingizia nafasi ni ndogo, hakuna cha kungoja arudie. Siku hiyohiyo, kwa maandishi.

BARAKA: Kweli kabisa. Sasa kama mkali si wa kuogopwa, wa kuogopwa ni yupi?

SALOME: Mwenye tabasamu! Anakuita "mdogo wangu", anakuletea maji ya kunywa. Baada ya siku chache: "Mdogo wangu, mashine inanisumbua, hebu nipe namba yako ya siri nipige bili moja."

BARAKA: Na mgeni anaona ameheshimiwa, mkubwa kamwomba.

SALOME: Anampa. Usiku wakifunga hesabu kuna bili imefutwa kwa namba yake. Vinywaji vimetoka, pesa haimo, na jina lililoandikwa pale ni lake. Atajitetea kwa lipi?

BARAKA: Lakini dada, yeye ni mgeni. Anamkataliaje mwenyeji?

SALOME: "Niambie ni nini, nakupigia sasa hivi." Msaada umempa, namba umebaki nayo. Mwenye shida ya kweli ataridhika, bili yake imeshapigwa. Asiyeridhika ameshajitambulisha.

BARAKA: Hiyo nimeipenda. Na wale wanaomimina kwa jicho, bila kipimo?

SALOME: Hao ndio wanaonichosha kuliko wote, kwa sababu hata kuwachukia ni vigumu, wakarimu! Piga hesabu. Chupa ya mililita 750, kipimo chenu mililita 25. Inatoa toti ngapi?

BARAKA: Thelathini.

SALOME: Sasa mwenzako ana mkono mzito, kila toti inatoka na mililita 30. Chupa imeisha kwenye toti 25. Toti 5 zimepotea na hakuna mwizi. Mteja kafurahi, bahashishi ameipata aliyemimina, halafu shoti, ule upungufu wa hesabu, mnagawana kuulipa wote wa zamu.

BARAKA: Duh. Na wewe unayepima kwa uaminifu unaitwa bahili.

SALOME: Na wateja. "Mbona mwenzako ananijazia?" Ndiyo maana nasisitiza: kabla hujauza hata soda, hesabu pamoja na anayetoka zamu. Chupa zilizofungwa mnahesabu, zilizofunguliwa mnazikadiria kwa sehemu za kumi: hii imebaki saba, hii mbili. Mnaandika, mnatia saini wote wawili.

BARAKA: Atakuambia amechelewa usafiri.

SALOME: Atakuambia! Mwache aende. Wewe hesabu peke yako, piga picha rafu na friji kwa simu, mtumie supavaiza kabla ya oda ya kwanza. Humshtaki mtu. Umesema tu "nimekuta hivi". Watu wakijua unahesabu, hata waliokuwa wanakuachia friji tupu wanaanza kulijaza.

BARAKA: Yapo ya kuyaacha yapite lakini? Maana tukimfundisha kubishana kwa kila kitu atafukuzwa mapema.

SALOME: Mengi tu. Nani achague muziki, nani asimame upande wenye wateja wa bahashishi nono. Wateja wa siku zote pia, mwachie mwenyeji. Akiingia mmoja, muulize mwenzako, "Huyu anakunywa nini?" Swali dogo, lakini mwenyeji anapenda kuulizwa anachokijua.

BARAKA: Na bahashishi yenyewe? Mimi naona bora ziwekwe pamoja zigawanywe.

SALOME: Mimi naona kila mtu na yake. Tutabishana hadi kesho. Mgeni aulize utaratibu siku ya kwanza tu.

BARAKA: Na lipi asilegeze hata wakinuna?

SALOME: Barafu. Glasi imepasukia juu ya ndoo ya barafu, mwenzako anasema toa vipande vikubwa tuendelee, watu wanasubiri. Hapana! Kipande cha glasi ndani ya barafu hukioni. Mwaga sharubati nyekundu juu yake ili hata asiyejua asichote. Kisha barafu yote itoke, yeyusha iliyobaki kwa maji ya moto, futa ndoo kwa uangalifu, jaza upya. Watanuna dakika kumi. Wanune.

BARAKA: Na wale wasiomsemesha?

SALOME: Hao ni muda. Kaunta watu huja na kuondoka, wenyeji wamechoka kujifunza majina. Awahi kidogo, akate ndimu, apange friji: zilizopoa mbele, za moto nyuma. Wataanza kumwita jina wenyewe.

BARAKA: Asije akageuka mtumishi wa wote, Salome.

SALOME: Ndiyo, hapo umesema. Kama kila usiku mifereji na mikeka ya sakafu anaosha yeye, aombe ratiba ya usafi ibandikwe ukutani. Aombe kama mtu anayetaka kujifunza zamu, asilalamike.

BARAKA: Tumjibu sasa. Avumilie au aache?

SALOME: Kwa haya aliyoyaeleza, abaki. Kufokewa na kununiwa hakujamtosha kuacha. Ila siku meneja mwenyewe akimwomba ile namba ya siri, achukue mshahara wake aondoke, na nakala za karatasi zote alizotia saini aondoke nazo.

BARAKA: Msikilizaji wetu, zamu njema. Wengine, tutumieni maswali yenu.