Mpira unapitisha vizuri, lakini mgonjwa anakonda

Jamani leo naongea tena habari ya maji mnayoongeza kwenye chakula cha mgonjwa anayelishwa kwa mpira, na nitaendelea kuiongea mpaka ieleweke. Mtu akiona mpira wa kulishia ni mwembamba, cha kwanza anaongeza maji kwenye blenda, anachuja, kikiwa bado kizito anaongeza tena, kinapita safi kabisa na nyumba nzima inafurahi. Haya tupige hesabu. Umetengeneza chakula cha siku nzima, lita 1.5 zenye kalori 1,500, yaani kalori 1 kila mililita. Umejaza maji zimekuwa lita 3, sasa kila mililita ina nusu kalori. Unampa mililita 300 mara tano kwa siku, amepata 750! Nusu ya mahitaji yake, na tumbo limejaa kweli, ndo maana mnaniambia ameshiba. Hajashiba huyo, ana njaa na hawezi kusema. Na yale makapi ya nyama na maharage mliyotupa na chujio, protini nyingi imeenda nayo.

Najua mtaniambia bila maji mpira unaziba. Unaziba kweli, sibishi, ndo maana kwa chakula cha blenda tunapendelea mpira wa tumboni, ule unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo, unene wa saizi 14 (French) kwenda juu, kuliko ule mwembamba wa puani. Saga muda mrefu zaidi, lainisha kwa maziwa au mafuta, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Maji anayahitaji, lakini kwa mtu mzima yapite yenyewe, mililita kama 30 kabla na baada ya chakula, mengine mpangiwe na mtaalamu wa lishe, na kiasi cha chakula vilevile, sio kukisia.

Usafi nautaja haraka muda umeisha. Blenda ifunguliwe mpaka kwenye visu, pale chini ndo mabaki yanajificha. Chakula kisikae nje zaidi ya masaa mawili, friji iwe chini ya nyuzi 5, kikifika masaa 24 kimwagwe, hata kama kinanukia vizuri. Mpira unaoishia kwenye utumbo unapita pembeni ya asidi ya tumbo inayoua vijidudu, kwa hiyo huo usiuwekee chakula cha blenda kabla hujaongea na daktari. Dawa zisisagwe pamoja na chakula. Na mzani jamani, pima kila wiki uandike, uzito ukishuka mrudishe kliniki hata kama mpira haujawahi kuziba.