Kidonge Kwanza, Chai Baadaye: Nilivyogundulika Nina Hashimoto

Wapendwa, habari za huko nyumbani. Shikamooni wakubwa, mambo vijana. Leo mnaniona na kanga, nywele sijachana, na kikombe changu hiki hapa kitupu. Nimemeza kidonge asubuhi hii, na masharti yake ni tumbo tupu, maji tu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo uguse chai ya maziwa. Simu italia muda ukifika. Kwa hiyo tuongee, maana mmeniuliza sana: dada ulipotelea wapi, na mbona ulinenepa ghafla halafu ukapungua.

Haya. Rudini kwenye ile video ya Krismasi ya mwaka juzi, ninayopika pilau. Wiki iliyopita niliirudia nikasimamisha picha. Uso umevimba chini ya macho kama mtu aliyelia msiba. Nyusi, hapa kwenye ncha za nje, zimekwisha. Sauti nzito. Na niko jikoni, jiko linawaka, sufuria inatoa mvuke, mwenzenu nimevaa masweta mawili! Nyie mkaandika "Uingereza imekukubali" na "hongera mama kijacho". Siwalaumu. Hata mimi nilijua ni maisha tu.

Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Leicester. Ukishakuwa mbeba boksi wa usiku, uchovu una jibu lake tayari. Baridi, si ndiyo Uingereza. Kusahau majina ya watu, hujalala. Choo siku nne hakuna, mikate hiyo. Nywele kukatika, rasta zilibana. Dalili zinaingia mojamoja kama wageni wa harusi, na kila mmoja ana kadi yake. Nilikuja kushtuka siku niliyorudi kazini nikaketi kwenye ngazi ya nyumbani kwangu kupumzika kidogo, nikaamka saa tano asubuhi palepale, koti mwilini, funguo mkononi. Mama naye kila akipiga simu ananiuliza kama nina mafua. "Sauti yako imekuwa ya mjomba wako."

Huku unaanzia kwa daktari wa familia, jipii. Dakika kumi ndizo zako. Nikaingia nikasema, "Nimechoka sana." Kosa. Nani hajachoka? Ningesema choo, baridi, nyusi, hedhi inayokwenda siku kumi, angekuwa na pa kushika. Akanipa karatasi ya maswali, nikajaza, nikatoka na dawa za sonona. Nisieleweke vibaya, sonona ni ugonjwa na dawa zake zinawasaidia watu, ninawajua. Ila damu pia ilichukuliwa siku ile, na baada ya wiki mapokezi wakaniambia kwenye simu: vipimo viko sawa. Nikajibu asante. Asante! Sikuuliza vipimo vya nini.

Miezi iliyofuata nisiirefushe. Niliombewa. Nikaambiwa nimerogwa na mtu wa kazini. Nikanunua vidonge vya nywele vyenye bayotini nyingi, aina ya vitamini. Rafiki yangu mmoja akaniletea unga wa mwani kutoka Paje, Zanzibar, nikawa nanywa vijiko viwili kwa siku kwa imani kabisa.

Kisha usiku mmoja nikiwa zamu, wazee wamelala, nikafungua ile programu ya simu inayoonyesha faili lako la matibabu. Natafuta tarehe ya chanjo, wala sitafuti ugonjwa. Nakutana na majibu yangu ya damu ya miezi minane nyuma. TSH 6.8, na pembeni alama ya kuonyesha iko juu. Chini yake mtu ameandika: imezidi kidogo, rudia baada ya miezi mitatu. Jamani. Miezi mitatu ilishapita na mingine mitano juu yake, na hakuna aliyenipigia. Kituo chenyewe sikitaji, na hata sijui nani alitakiwa kunyanyua simu.

Hiyo TSH ni nini? Ni homoni inayotoka chini ya ubongo kwenda kuiamsha tezi ya shingo, ile ya thairoidi, inayoongoza kasi ya mwili mzima. Mfikirieni mama anayemwamsha mtoto wa shule. Mtoto akiamka upesi, mama anaongea taratibu. Akilala fofofo, mama anapandisha sauti. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, tezi ndiyo imelala. Maabara nyingi zinahesabu kawaida kati ya 0.4 na 4 hivi, zinatofautiana kidogo. Yangu ilikuwa 6.8, mama ameshaanza kugonga mlango.

Safari ya pili niliandika dalili zote kwenye karatasi, na tarehe. Nikampata daktari mwingine, mama wa makamo. Hakuanza na kompyuta. Alisimama nyuma yangu, vidole viwili viwili kila upande wa koo, akaniambia, "Kunywa maji funda moja, meza." Nikameza. "Tena." Kisha akanipigisha magoti kwenye kiti, miguu inaning'inia, akagonga nyuma ya kifundo kwa kinyundo. Mguu ukaruka vizuri tu. Kurudi sasa! Ulirudi polepole, kama mlango wenye bawaba zenye kutu. Akagonga tena akanionyesha. Nikacheka, halafu nikaanza kulia, kwa sababu kwa mara ya kwanza kitu kilichokuwa ndani yangu kilionekana na mtu wa pili.

Akaniuliza ninameza nini. Nikamtajia vidonge vya nywele, akaniambia niviache siku kadhaa kabla ya kutoa damu, maana bayotini inaweza kuvuruga baadhi ya mashine za maabara zikatoa majibu yasiyo yako. Mwani nao akaukataa, nitaeleza.

Majibu: TSH 41. Kingamwili za kushambulia tezi zaidi ya 600, yaani mashine yenyewe ilikomea hapo. Jina lake Hashimoto. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inaitafuna tezi yako taratibu kwa miaka. Jina ni la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912 kutokana na wanawake wanne. Na mpaka leo unatupata sisi wanawake zaidi. Nilipomwambia Mama, akanyamaza kidogo. "Hashimoto? Hiyo si gari?"

Halafu akaniambia niongeze chumvi. Msimcheke, ana sababu. Sisi ni watu wa Makete, na bibi yangu alikuwa na rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, kubwa kama embe dodo, akicheka analishika lisitikisike. Nyanda za Juu Kusini rovu lilitesa watu kwa sababu ardhi ile ina upungufu wa madini joto, yaani ayodini, ndiyo maana pakiti ya chumvi dukani imeandikwa "yenye madini joto". Kwa bibi, tezi ilikosa malighafi. Kwangu malighafi ipo, kiwanda ndicho kinachobomolewa, na kukijaza madini joto kupita kiasi kunaweza kuzidisha ugomvi. Mwani umejaa madini joto. Vijiko viwili kwa siku, na imani yangu yote!

Dawa ni levothairoksini, homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani. Nilianza na maikrogramu 50, sasa nameza 75. Ni ya maisha, wala haikufufui kesho yake, unapimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Ikae mbali na vidonge vya madini ya chuma na kalisi, saa nne hivi katikati. Kwa mlio England, ukiwa na ugonjwa huu na unatumia dawa, omba cheti cha msamaha, dawa zako zote zinakuwa bure. Mimi nililipa miezi mitatu kabla ya kuambiwa na mfamasia.

Kilichoniuma ni kingine. Alfajiri ile niliyochukua kisanduku changu cha kwanza nilikitazama nikakijua. Kazini kuna bibi mmoja ambaye kila saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chai, nampa kidonge hichohicho, cheupe, kidogo kama punje ya dengu. Mwaka mzima nimempa kwa mkono wangu, nikimhimiza, "Meza mama, chai inakuja," nami nimesimama pale nikisinzia.

Sasa, huu ugonjwa hupita kwenye familia, kwa hiyo nimewasumbua ndugu zangu wote. Juzi mdogo wangu wa Mbeya kapima. Kanipigia kwa furaha, "Dada, wamesema kawaida." Nikamuuliza, kawaida ngapi? Kimya. Nikamuuliza, wamepima nini? Kimya. Leo asubuhi kapanda daladala kurudi hospitali kudai karatasi yake, ananituk... haya, hiyo simu inalia. Ngojeni kwanza nibandike chai.