Mashine Inayohesabu Mbele ya Macho

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, hasa nyinyi wazee mliotoka Pongwe na mvua hii.

Nilipokwenda Bletchley, Uingereza, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, nilidhani nitakuta masanduku yaliyokufa nyuma ya vioo. Nikapokewa na mlio, ta-ta-ta-ta. Ni kompyuta ya zamani iitwayo WITCH, ya tani 2.5, iliyoanza kazi mwaka 1951 Harwell, kituo cha utafiti wa atomiki huko huko Uingereza. Mafundi waliifufua mwaka 2012, nami niliikuta inahesabu.

Nikasogea. Mbele yake zimepangwa taa ndogo za kioo, dekatroni, 828 kwa jumla. Kila moja ina vituo kumi kwa duara na nukta moja ya nuru, rangi ya kaa la moto. Ukijumlisha moja, nukta inaruka kituo kimoja. Mmewaona wacheza bao pale Ngamiani, kete zinavyotembea shimo kwa shimo? Ndivyo hivyo. Nukta ikimaliza duara, taa ya jirani nayo inaruka: umeandika sifuri, umebeba moja, kama tulivyofundishwa darasani. Kuzidisha mara moja huchukua sekunde 5 hadi 10, kwa hiyo jicho linaifuata hesabu yote. Simu yangu haijawahi kunionyesha hivyo.

Bwana mmoja wa Harwell, Fossey, hodari wa hesabu, aliwahi kushindana nayo kwa mashine yake ya kuhesabia ya mezani. Nusu saa wakaenda sambamba. Akachoka, akaacha, mashine ikaendelea.

Nilimfikiria sana bwana huyo, maana kwetu Tanzania watu kama yeye ndio waliohesabu miaka mingi. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Mishahara ya mashamba ya mkonge ilipita mikononi mwa makarani.

Ofisi niliyoanzia kazi ilikuwa na mashine ya kujumlishia ya mpini. Ukivuta, krrr, jumla inatoka kwenye karatasi. Siku moja nikaiona juu ya mkokoteni wa chuma chakavu, imeuzwa kwa kilo. Iliniuma, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Mwenye mashine ya namna hiyo uvunguni, hata kama mpini umekatika, anione kabla hatujatoka. Na mzee aliyewahi kuivuta, naomba akae nami kidogo, anionyeshe mkono ulivyokuwa unakwenda.