Sukari Haiko Kwenye Chai Peke Yake

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu na ndugu zangu,

Hili la kisukari nimekwisha kulisema katika kumbi nyingi, na leo nalirudia. Mtu akiambiwa kwamba sukari ya damu yake asubuhi, kabla hajala kitu, ni milimoli 6.4 kwa lita, huacha sukari katika chai, kisha adhuhuri hukaa mbele ya ugali uliojaa sahani, mchicha ukiwa kijiko kimoja pembeni, naye akajihesabu kuwa ameanza tiba. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga usiopungua gramu 70, na wanga huo hugeuka glukosi mwilini, yaani sukari ya damu. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi. Pigeni hesabu wenyewe.

Najua mtaniuliza habari ya dona. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzinyuzi zake, lakini sahani nzima ya dona bado ni sahani nzima ya wanga. Mwingine atasema kwamba babu zetu walikula ugali maisha yao yote. Walikula, ndiyo, wakashika jembe tangu alfajiri. Wewe unakula, unapanda bodaboda, unakaa kitini hadi jioni. Misuli inayofanya kazi huichota glukosi kutoka damuni, ilhali mwili uliolegea na kujaa mafuta tumboni huacha kuitii insulini, homoni inayoiondoa glukosi damuni, na kongosho linaloitengeneza hulazimika kutoa nyingi zaidi na zaidi mpaka linaposhindwa.

Hiyo 6.4 si “sukari kidogo”. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, 6.1 hadi 6.9 ni hali ya kuelekea kisukari, na kuanzia 7.0, kipimo kikithibitishwa, ni kisukari chenyewe. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa njiani kuugua, ulionyesha kwamba kupunguza uzito pamoja na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki kulishusha hatari kwa asilimia 58, na dawa ya metformini kwa asilimia 31.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa haraka basi: aliyekwisha kuugua asiache dawa kwa kuwa kipimo kimekuwa kizuri, maana huenda ni dawa hiyo iliyokifanya kizuri. Macho yapimwe kila mwaka. Miguu ikaguliwe kila usiku, nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hautakuambia kwamba msumari umepenya kiatu. Ya figo na ya mitishamba, niulizeni katika kipindi cha maswali.